Viza ya Mtu Mmoja

Siku niliyowaambia nyumbani kwamba nimepata kazi Ulaya, baba aliinuka, akavaa koti lake la kanisani, kisha akakaa tena palepale. Nadhani alitaka habari ile imkute amevaa vizuri. Mdogo wangu hakuinuka. Alikuwa mlangoni kwenye cherehani yake, anashona sare ya shule, na mguu wake uliendelea kukanyaga kana kwamba sijasema kitu.

"Na siye?" akauliza.

Nikamwambia bado sijui, aniache kwanza nisome vizuri walichoniandikia. Akasimamisha mashine, akaniita dada mkubwa kwa lugha ya kwetu.

"Yaya, ile ni swali ya ndiyo ao hapana. Unaenda na siye, ao unaenda peke yako?"

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekwisha kusoma, tena na tena, kwenye kompyuta za kituo cha kambi ya wakimbizi. Viza ya mtafiti ilimruhusu mtu kwenda na mume wake na watoto wake wadogo. Mimi sikuwa na mume wala mtoto. Nilikuwa na baba mzee, mdogo wangu, na binti yake mdogo aliyezaliwa palepale Dzaleka. Kwa sheria ya nchi iliyokuwa inaniita, hao hawakuwa familia yangu.

Tulitoka Bukavu, Kongo, katikati ya miaka ya elfu mbili, milio ya risasi ilipoanza kusikika hadi mtaani kwetu. Mama alikuwa ameshafariki. Baba alikuwa mwalimu wa fizikia wa sekondari, mimi nilikuwa nimemaliza masomo ya elektroniki na kuanza kazi ya msaidizi kwenye maabara ya chuo, na mdogo wangu alikuwa bado shuleni. Tulishuka Uvira, tukavuka ziwa, tukapita Tanzania, na mwisho tukafika Dzaleka, Malawi, wilaya ya Dowa, kwenye nyanda za juu zenye upepo, mwendo wa saa moja na ushee kwa minibasi kutoka Lilongwe. Zamani pale palikuwa gereza. Sisi tulipakuta pamekuwa mji wa matofali ya udongo, wenye makanisa ya kila namna, vinyozi, wauza maandazi, na Kiswahili chetu cha Kivu ambacho Warundi na Wanyarwanda nao walikisema kwa lafudhi zao. Mwaka wa kwanza niliamini tutakaa miezi michache tu. Mwaka wa pili nikapanda mchicha nyuma ya nyumba.

Kilichonirudisha kwenye elektroniki ni maji. Visima vya kambi vilikuwa na pampu za mkono, zile ambazo Wamalawi wanaziita mjigo, na pampu zile zilikuwa zinakufa bila kumuaga mtu. Leo inatoa maji, kesho mpini unapanda na kushuka mkavu, na foleni nzima ya madumu inahamia kisima kingine ambako tayari kuna foleni. Hapo matusi huanza, kwa lugha tano. Mimi nilikuwa kwenye foleni hizo kama wengine, na nikaanza kuona kwamba siku chache kabla pampu haijafa mpini wake hutetemeka vingine. Ukiushika unausikia mkononi, lakini huwezi kusema ni nini hasa umesikia.

Simu za kisasa zilipoanza kuingia Malawi, zikaanza pia kuharibika. Kule Chilinde, Lilongwe, mafundi walikuwa na mifuko ya simu mbovu waliyokuwa tayari kuitoa karibu bure. Ndani ya simu hizo kuna kipande kidogo kuliko punje ya mchele kinachojua kama simu imelala au imesimama. Ndicho kinachogeuza picha ukiigeuza simu. Nilikuwa nakitoa, nakiunga na betri, waya na sehemu ya simu inayotuma ujumbe, nakifunga kwenye kopo la plastiki, halafu nalikaza kopo hilo kwenye mpini wa pampu. Kila mtu akichota maji, mtetemo ukaandikwa, na jioni kifaa kikatuma ujumbe kwenye simu yangu. Nikakusanya mitetemo ya pampu nzima na ya pampu mgonjwa, nikaanza kuifundisha kompyuta kuzitofautisha. Ilichukua miaka. Tulianza na kisima cha karibu na nyumba yetu, tukaenda hadi kijiji cha Wamalawi kilichopakana na kambi. Huko mwenyekiti wa kamati ya maji, mama mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe, aliniuliza kwanza kama kopo langu linaleta ukame. Nilipomwonyesha kwamba halileti chochote ila ujumbe, akalifunga mwenyewe, kwa nguvu kuliko nilivyotaka.

Kambini cheo changu kilikuwa volonteri. Mkimbizi hakuajiriwa kama mtu mwingine. Alijitolea, na mwisho wa mwezi akapewa kitu cha kumshukuru. Sikulalamika. Neno lenyewe nilizoea kulisikia kama mtu anavyozoea jina la utani.

Ulaya walinijua kwa barua pepe. Nilikuwa nimesoma utafiti wa profesa mmoja, mwanamke, juu ya mashine zinazojitangazia ugonjwa wao, nikamwandikia kumuuliza swali. Akajibu na swali lake. Tukaendelea hivyo kwa muda mrefu, yeye akiwa maabara na mimi nikingoja zamu kwenye kompyuta za kambi, hadi tukaandika makala pamoja. Kisha siku moja akaniandikia kwamba kuna nafasi kwenye kundi lake, kwamba kamati yao imenichagua, na kwamba kilichobaki ni viza. Aliandika neno hilo kwa wepesi, kama mtu anayekuambia ukipita ufunge mlango.

Kwanza nilihitaji kitu cha kugonga hiyo viza juu yake. Sikuwa na pasipoti. Jirani mmoja, mtu mwema kabisa, alinishauri nipande basi hadi Zambia, huko kuna watu wanaojua watu, nirudi na pasipoti ya Kongo. "Ni papiye tu," aliniambia, yaani karatasi. Nilirudi nyumbani na maneno hayo, nikamwambia baba. Alikuwa anamenya viazi vitamu.

"Pasipoti ya Kongo inasema nini, Mama?" aliniuliza. Baba aliniita Mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake.

"Inasema mi ni mutu wa Kongo."

"Ile si kitu, hata pua yako inasema vile. Iko inasema pia kama Kongo inakulinda. Sasa we uko hapa juu ya nini?"

Swali lile, kwa nini niko hapa, lilitosha: Zambia sikwenda. Niliomba hati ya safari ya wakimbizi, ile ambayo Malawi humpa mtu aliyekimbilia kwake, na nikaingoja. Kwenda Lilongwe kuulizia nilihitaji kwanza ruhusa ya kutoka kambini. Ruhusa ikipatikana, hati haijawa tayari. Hati ikikaribia, aliyetakiwa kuisaini yuko safarini. Hakuna aliyenifanyia ubaya. Watu wa ofisini walinikaribisha kiti, wakasema zikomo, yaani asante, wakaniomba nirudi wiki nyingine. Msimu wa mvua ulikuja ukaisha. Profesa aliandika kuuliza kama nimepata tatizo, na sikujua namna ya kumweleza kwamba hakuna tatizo, kwamba mambo yanakwenda hivyo hivyo.

Jambo lililonisumbua zaidi halikuwa hati. Tangu miaka ya nyuma sisi wanne tulikuwa na dosye moja, faili la kuhamishiwa nchi ya tatu. Baba alikuwa mkuu wa kaya, lakini mimi ndiye niliyejua Kiingereza, mimi ndiye niliyejibu kwenye mahojiano, mimi ndiye niliyekumbuka tulipita wapi na lini. Nilikwenda ofisi inayohusika kuuliza: nikiondoka kwa viza ya kazi, dosye ya wenzangu itakatwa, itarudishwa nyuma, au itaendelea? Kijana aliyenipokea alisikiliza hadi mwisho. Akaniambia kwa ukweli kwamba hajawahi kuulizwa swali hilo. Akaingia ndani kwa mkubwa wake, akatoka.

"Hatuwezi kusema," alisema. "Inaweza kuendelea. Inaweza pia kuangaliwa upya."

Nilipomwambia mdogo wangu jibu hilo alicheka bila furaha. "Kuangaliwa upya ni kutupwa chini. Wote banajua."

Hati ilipotoka, ya rangi ya majivu, yenye picha yangu nikiwa nimekodoa macho, niliandaa kila kitu na kwenda Lilongwe. Nililala Chilinde kwa mama mmoja wa kanisa letu, mtu wa Bukavu anayeuza vitenge sokoni. Asubuhi alinipigia pasi blauzi na kuniambia nisizungumze haraka. Profesa alikuwa amenishauri nichukue kifaa kimoja, wakitaka kuona ninachokifanya. Nikakitia kwenye mkoba.

Kwenye lango la ofisi ya viza mlinzi alifungua mkoba wangu, akaona kopo, betri na waya nyekundu na nyeusi. Uso wake ukabadilika. Akaurudisha mkono wake polepole.

"Amayi, ichi ndi chiyani?" Mama, hii ni nini?

Watu waliokuwa nyuma yangu kwenye mstari walirudi hatua kadhaa bila kuambiwa. Mlinzi wa pili alikuja na kuniomba nisimame kando, mikono ionekane. Ni hapo nilipoelewa kopo langu linafanana na nini machoni pa mtu anayelinda lango. Nikaanza kueleza kwa Kichewa changu cha kununulia nyanya. Nikasema mjigo. Nikafanya ishara ya mpini, juu, chini, juu, chini, nimevaa blauzi iliyopigwa pasi, mbele ya foleni nzima. Nikasema mjigo ukiumwa, hiki kinanipigia simu.

Mlinzi wa kwanza alinitazama. "Kinakupigia wewe?"

"Kinatuma ujumbe."

"Kinasema nini?"

"Kinasema njoo na fundi."

Akaanza kucheka, akamweleza mwenzake, naye akacheka. Kumbe kijijini kwa yule wa kwanza, upande wa Ntchisi, pampu ilikuwa imekufa na wanawake walikuwa wanateka maji mtoni. Aliuliza kama kifaa kinaweza kufufua pampu iliyokwisha kufa. Nikamwambia hapana, kinawahi tu kabla. Akasikitika, akaniruhusu kuingia, lakini kopo likabaki kwake juu ya meza, mbali na ukuta.

Ndani nilisimulia vibaya kuliko pale langoni. Ofisa alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye miwani aliyoivua kila alipouliza swali. Alikuwa na mkataba wangu mbele yake, makala yetu, na diplome yangu ya Bukavu niliyoibeba tumboni chini ya kitenge wakati tunakimbia.

"Mwajiri wako wa sasa ni nani?" aliuliza.

"Sina mwajiri."

"Na kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo nilikuwa Bukavu."

Akahesabu kimya kimya. "Miaka yote hiyo katikati hujawahi kuajiriwa?"

"Nilikuwa nafanya kazi. Nilikuwa volonteri."

Akavua miwani. Aliniambia viza hii ni ya mtaalamu mwenye uzoefu, na lazima aone uzoefu huo umetoka wapi. Nikaanza kueleza pampu, nikaruka hadi hesabu za mitetemo, nikarudi kwenye foleni za madumu, na nikaona macho yake yanajitahidi kunifuata. Nilitaka kusema kwamba nimefanya kazi kuliko wakati wowote wa maisha yangu. Badala yake nikasema asante.

Jibu lilikuja baada ya wiki kadhaa. Hapana. Uzoefu wa kazi haukuthibitishwa. Chini yake paliandikwa kwamba naweza kuomba tena nikiwa na ushahidi zaidi.

Siku hiyo mdogo wangu alipika bugali na sombe ya majani ya muhogo, akatia samaki, na nilimsikia akiimba jikoni. Hakuimba kunikomoa; sidhani hata alijua kwamba anaimba. Nilikaa nje ya nyumba nikisikiliza, na kwa kweli sikumchukia. Nilikuwa na huzuni, lakini ndani yake mlikuwa na nafuu kidogo, na nafuu ile ndiyo iliyonitisha. Niliona jinsi ambavyo ningeweza kuishi vizuri kabisa na hapana ile. Ningeendelea na makopo yangu, ningejibu kwenye mahojiano ya dosye, hakuna ambaye angenilaumu.

Siku chache baadaye, tukiwa tunakula jioni, baba akaweka sahani chini.

"Mi nilifundisha fizikia maisha yangu yote," alisema. "Batoto wengi. Wamoja balikuwa na akili sana. Hakuna hata moja mwenye bazungu baliandikia barua, eti kuja tufanye recherche, ile utafiti, pamoja. Wa kwanza ni we. Na mi njo niko nafurahi kama bamekukatala. Nimefurahi, Mama. Nimejisikia nafurahi, na nimepata haya."

Mdogo wangu aliacha kutafuna.

"Utaomba tena," baba akaendelea. "Ile dosye ni ya siye benye tunabaki. Tutajua kujibu."

"Nani atajibu?" mdogo wangu aliuliza. "Papa, we unajibuka Kifaransa hata kama bamekuuliza Kingereza. Mi siku ile ya mahojiano niliogopa hata kusema jina yangu."

"Basi ufundishwe."

Aliinuka akatoka nje. Tulimsikia akiosha vyombo kwa kelele. Lakini kesho yake mchana, wakati hakukuwa na mteja, akaniita. Alikuwa ameweka kiti upande wa pili wa cherehani.

"Kama unaenda, nifundishe kwanza," alisema.

Tukaanza. Mimi nikawa ofisa, yeye akawa yeye. Nikamuuliza kwa Kiingereza alizaliwa wapi, alitoka lini, alipita wapi, kwa nini hawezi kurudi. Mwanzoni alikuwa anajibu akitazama sindano ya mashine. Nikamwambia aangalie uso wangu. Nikamwambia asiseme ninavyosema mimi, aseme alichokiona yeye, kwa sababu yeye alikuwa mtoto na alikumbuka vingine: mimi nilikumbuka vizuizi vya njiani, yeye alikumbuka viatu vyake vilivyobaki kwenye mtumbwi. Siku hadi siku sauti yake ikapanda. Binti yake alikaa mlangoni akirudia majibu kwa Kiingereza kizuri kuliko cha sisi wote.

Siku moja akasema, "Sasa mi njo ofisa. Kaa pale."

Nikakaa upande wa mteja. Akaweka mikono juu ya mashine, akakunja uso kama watu wa ofisi. Aliniuliza jina, kazi, elimu. Nikajibu, tukacheka kidogo. Kisha akauliza kwa Kiswahili, bila kucheka:

"Juu ya nini unaacha baba yako?"

Nikasema hilo halimo kwenye maswali.

"Mi njo ofisa. Jibu."

Nje watu walikuwa wanapita na madumu. Nikasema sijui kama ninamwacha. Kwamba hapa ninafanya kazi ambayo haina jina, na kule wameipa jina, na nataka kuona inavyokuwa mtu akifanya kazi yenye jina. Nikasema pia kwamba ninaogopa kuzeeka hapa nikisubiri mtu anijibu kama dosye inaendelea. Nikasema kwamba kama kungekuwa na viza ya watu wanne ningeikalia langoni hadi wanipe.

Mdogo wangu alisikiliza kama anavyosikiliza mteja anayeeleza mshono, bila kunikatiza. Mwishoni alisema, "Jibu yako haiko muzuri sana. Lakini iko ya kweli." Akageuka, akatia uzi kwenye sindano. Hatukuliongelea tena.

Maombi ya pili niliyaandika tofauti. Mara ya kwanza, palipoulizwa mwajiri, niliacha wazi. Safari hii niliandika kwamba mkimbizi huku haajiriwi, na chini yake nikaeleza kazi yenyewe, kisima kwa kisima. Profesa aliandika barua kueleza kwamba kwao kazi hupimwa kwa matokeo. Na nilikwenda kijiji cha jirani kumwomba mwenyekiti wa kamati ya maji maneno machache yenye muhuri wa chifu.

"Maneno machache?" alisema. "Nitakwenda kuyasema mwenyewe."

Nilijaribu kumzuia. Nikamwambia hawatamruhusu kuingia, safari ni ndefu, yeye ana shamba la tumbaku la kushughulikia. Alifika kwenye kituo cha minibasi amevaa chitenje kipya, ameshika mkoba mkubwa, na nauli yake alilipa mwenyewe.

Langoni mlinzi alinikumbuka, akamsogezea mama huyo kiti kivulini. Nilipoingia niliwaacha wakiongea kuhusu mijigo kwa sauti ya juu. Ofisa alikuwa yuleyule. Alisoma polepole, akafika kwenye karatasi yenye muhuri wa chifu.

"Huyu ni nani?"

"Yuko nje," nilisema. "Alitaka kuja."

Ofisa akamwita karani wa Kimalawi na kumwomba akamlete. Mwenyekiti aliingia, akapiga goti kidogo kumsalimia ofisa, akakaa, akaanza kusema kabla hajaulizwa. Karani alitafsiri kwa taabu, kwa sababu mama hakuwa anapumzika. Alisema kwamba zamani pampu yao ikifa walikaa msimu mzima bila maji, kwa sababu fundi yuko mbali na vipuri viko mbali zaidi. Sasa wanajua mapema, wanachanga mapema, fundi anakuja pampu ikiwa bado hai. Alisema mwanzoni alinidhania mchawi. Karani alisita kutafsiri hapo, ofisa akamwambia atafsiri.

"Na yeye ni nani kwenu?" ofisa aliuliza. "Ni mwajiriwa wenu?"

Mwenyekiti alilifikiria swali hilo kama swali la maana. "Tungekuwa na pesa tungemwajiri," alisema. "Lakini alikuja hivyo hivyo."

Ofisa aliandika kwa muda. Aliponirudishia hati zangu aliniambia hatoi uamuzi peke yake, atapeleka yote kwao. Nilitoka nikiwa sijui kitu. Mwenyekiti alitaka kuona jiji kabla ya kurudi, kwa hiyo tulizunguka madukani mtaa wa Area 47, tukala chipsi, na aliona kila kitu ni ghali mno.

Safari hii jibu lilikuwa ndiyo.

Niliondoka mwanzoni mwa msimu wa baridi wa Dowa, upepo ukiwa umeanza kupeperusha vumbi jekundu. Baba aliniombea akiwa amesimama, maombi mafupi kuliko kawaida yake. Mdogo wangu alinisindikiza hadi barabarani kwa kabaza mbili, baiskeli za kukodi, yeye na sanduku kwenye moja, mimi kwenye nyingine. Aliniambia nisisahau kumpigia binti yake siku za mtihani. Hakulia, mimi ndiye niliyelia, kwenye minibasi, pembeni ya mtu aliyekuwa na kuku.

Huko nilikofika nilifanya kazi. Sitaki kusimulia mengi juu yake, kwa sababu ni maisha ya kawaida: mabasi yanayofika kwa wakati, mikutano, vipimo vinavyokataa kutoka. Kila Jumamosi nilipiga simu. Baba aliuliza wanakula nini huko, mdogo wangu aliniambia pampu ipi imetengenezwa. Mwaka mmoja na zaidi ukapita hivyo. Kisha wakaitwa kwenye mahojiano, bila mimi. Dosye ilikuwa imeangaliwa upya, kweli, jina langu likatolewa, na yao ikaendelea.

Alinipigia simu siku ileile. "Nilijibu miye," alisema. "Papa alianza Kifaransa, nikamuambia nyamaza." Nikamuuliza aliogopa? Akasema aliogopa hadi kiatu kikalowa jasho, lakini aliangalia uso wa mtu.

Wakakubaliwa kwenda Kanada. Hati yangu ya safari ilikuwa ya Malawi na iliniruhusu kurudi, kwa hiyo nilichukua likizo, nikaja kuwaaga. Nilikuta cherehani imeuzwa na baba amekonda, ila koti la kanisani amelifuta vumbi. Tulikaa siku chache kama zamani. Mdogo wangu alipika. Mpwa wangu, sasa mrefu, aliniuliza kama theluji ina harufu. Nilimwambia ina harufu kidogo, kama chuma.

Siku ya safari basi liliwachukua kambini hadi uwanja wa ndege, na mimi nikafuata kwa minibasi. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba mimi ndiye niliyeondoka. Pale uwanjani, nyuma ya kamba, nikawaona wakipanga mstari na wenzao, kila mmoja na mfuko wake mweupe wa hati shingoni, na nikajua namna inavyokuwa kubaki. Baba aligeuka kunitafuta, akainua mkono, lakini alikuwa anatazama upande usio wangu. Mdogo wangu akamshika mabega akamgeuza. Hapo ndipo aliponiona, na akacheka.

Ndege yangu ilikuwa kesho yake, kwa hiyo nilirudi Dzaleka kuchukua vitu vyangu. Nyumba ilikuwa imeshapewa watu wengine, familia ya wakulima kutoka Fizi, Kongo, wamefika karibuni. Niliwakuta wamekaa nje juu ya magunia yao, hawataki kuingia kabla mwenyewe hajafika. Nikawaambia waingie, ni kwao. Mama wa nyumba alipita chumba kwa chumba akiangalia juu, mkono kiunoni.

"Dada," alisema, "mvua ikinyesha inavujaka wapi?"

Nikamwonyesha.